Kijana anasinzia darasani, tuulize kwanza usiku analala kwenye moshi wa nani

Wazee wangu shikamooni. Assalam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, tumsifu Yesu Kristo, na wengine wote habari za asubuhi. Mkuu wa shule, mwenyekiti wa bodi, mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, walimu, wazazi na walezi wenzangu, asanteni kwa kunipa maiki. Najua wengi mmekuja kwa ajili ya ajenda ya chakula cha mchana na matokeo ya mock, zitafika, ila mwalimu wa malezi aliniomba niongee kuhusu usingizi wa hawa vijana wetu. Aliniambia sista darasani wanalala, yani kipindi cha tatu tu unakuta mstari mzima wa nyuma vichwa viko mezani, njoo utusaidie tuelewe kinachoendelea.

Mimi ni muuguzi, kliniki yangu ni ya watoto na vijana wenye matatizo ya kifua. Nikitaja usingizi wa kijana najua kila mzazi hapa ana jibu lake tayari mdomoni. Simu. Na simu ipo kweli, siikatai hata kidogo, mtoto anajifunika shuka anachati mpaka saa saba. Kuna kuamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala, kuna njaa, kuna mawazo, kuna mtoto ambae nyumbani wazazi wanagombana kila usiku. Yote hayo tunayajua na tunayasema. Lakini kuna kitu kimoja sijawahi kukisikia kikitajwa kwenye kikao cha wazazi, nacho ni moshi wa sigara. Na siongelei kijana anaevuta, huyo tumeshamuongelea sana na tumemchapa sana, naongelea kijana ambae hajawahi hata kuishika sigara ila analala kwenye nyumba ambayo mtu mzima anavuta.

Naomba tuingie kidogo ndani ya nyumba zetu, tusioneane aibu, wote tunaishi huku huku. Familia ina chumba na sebule. Baba na mama na yule mdogo wanalala chumbani, wasichana labda wamepata kona chumbani kwa bibi, huyu kijana wa kidato cha pili analala wapi? Sebuleni. Godoro linasimamishwa nyuma ya kochi asubuhi, usiku linashushwa. Sasa sebule ndo baa ya nyumba, ndo ukumbi wa mpira, ndo pa kupokea wageni. Siku ya mechi ya mabingwa Ulaya mpira unaanza saa nne au saa tano usiku kwa saa zetu, unaisha saa saba kasoro, baba na rafiki zake wawili wapo kwenye kochi, sigara zinawashwa moja baada ya nyingine, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu na kwa sababu ya vibaka, na kijana amekaa pale pembeni anasubiri wageni waondoke ndo ashushe godoro lake. Hawezi kusema baba naomba mtoke. Kwa malezi yetu sisi hawezi. Anasubiri, wageni wanaondoka, analala pale pale, kwenye hewa ile ile, mto wake ulikuwa umeegemewa na mtu anaevuta, pua yake ipo sentimita chache kutoka kwenye kitambaa cha kochi ambacho kimekunywa moshi miaka mitano.

Saa kumi na nusu anaamshwa.

Huyo ndo anaekuja kusinzia kwenye kipindi cha hesabu, na sisi tunasema mvivu.

Kliniki aliletwa kijana mmoja na mama yake, sitasema wa wapi wala shule gani. Mama alikuwa na hofu kubwa sana, alikuwa na uhakika mtoto ameanza bangi. Macho mekundu, anasinzia, hasira za ghafla, maksi zimeshuka, na shuleni alikuwa ameshapewa adhabu mara kadhaa kwa sababu unifomu yake ilikuwa inanuka moshi. Mtoto analia anasema mama sijavuta, hakuna anaemuamini. Nikamuuliza maswali ya kawaida tu, unalala wapi, unalala saa ngapi, unaamka usiku kukohoa, pua inaziba, nani anavuta nyumbani. Ikaonekana analala sebuleni, unifomu inatundikwa kwenye msumari sebuleni, na mjomba wake anaeishi nao anavuta mle ndani kila usiku. Mtoto alikuwa na pumu ambayo haijawahi kugunduliwa. Ilikuwa inamuamsha usiku mara mbili tatu, akidhani ni kawaida, mana hajawahi kulala nyumba nyingine akaona tofauti. Na fikirieni uchungu wa huyu mtoto, anaadhibiwa kwa harufu ya sigara ya mtu mwingine.

Kwaiyo walimu wangu, na nawaheshimu sana, naomba kabla hujamchapa mtoto ananuka sigara muulize kwanza nyumbani nani anavuta.

Sasa niwaeleze moshi unafanyaje kazi kwenye usingizi, nitaongea lugha nyepesi.

La kwanza ni nikotini. Wavutaji wanasema sigara inawatuliza, na wanachohisi ni kweli kwa namna moja, yule ambae mwili umeshazoea akikosa anahangaika akipata anatulia. Lakini nikotini yenyewe ni kichangamsho. Inafanya moyo uende mbio, inapandisha presha, inaamsha ubongo. Na inaingia kwa kupumua, haiulizi nani aliyeiwasha. Ukikaa kwenye chumba chenye moshi, nikotini inaingia kwenye damu yako, kidogo kuliko ya mvutaji mwenyewe, lakini inaingia, na tunajua inaingia mana ini likiivunja linatoa kitu kinaitwa kotinini na hicho kinapimika kwenye damu, kwenye mate, kwenye mkojo wa mtoto ambae hajawahi kuvuta. Nikotini huchukua kama masaa 2 kupungua nusu. Piga hesabu mwenyewe, sigara ya mwisho sebuleni imezimwa saa saba kasoro, moshi wenyewe unabaki hewani masaa kadhaa hata kama huuoni tena, na kijana anaendelea kuuvuta akiwa usingizini.

La pili ni njia ya hewa, na hapa ndo kwenye kazi yangu ya kila siku. Moshi unawasha pua kwa ndani, inavimba, inatoa kamasi, inaziba. Koo linavimba, tezi za koo zinakuwa kubwa. Mtoto anaanza kulala mdomo wazi, anakoroma. Jamani, kukoroma kwa mtoto sio dalili ya usingizi mzito, naomba mlichukue hilo mwende nalo nyumbani. Sisi tunapita tunamsikia anakoroma tunasema huyu leo kalala fofofo, wakati anahangaika kupitisha hewa. Wengine pumzi inakatika kabisa sekunde kadhaa, ubongo unastuka, unamwamsha kidogo apumue, analala tena, inakatika tena. Asubuhi ukimuuliza atakwambia nililala vizuri, hakumbuki chochote, ila mwili wake haujapumzika. Na mwenye pumu ndo kabisa, pumu kwa asili yake inakuwa mbaya zaidi usiku wa manane kuelekea alfajiri, njia za hewa zinakuwa nyembamba zaidi mda huo, sasa ongeza na moshi wa sebuleni hapo juu yake.

Na kuna hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, ile ile ya jiko la mkaa, ambayo inakaa kwenye damu sehemu ambayo oksijeni ilitakiwa ikae. Kwenye moshi wa sigara kuna kemikali zaidi ya 7,000 na kama 70 kati yake zinajulikana kuleta kansa, siwezi kuzitaja zote hapa na hamna haja.

Mtu ataniuliza sista hayo unayasema kwa ushahidi gani. Marekani, mji wa Cincinnati, watafiti walichukua watoto 219 wenye pumu, umri wa miaka 6 mpaka 12, wote wanaishi na wavutaji, wakawapima kotinini kwenye damu, wazazi wakajibu maswali kuhusu usingizi wa watoto. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Mtoto mwenye kotinini nyingi zaidi alichukua mda mrefu zaidi kupata usingizi, alikuwa na shida zaidi za kupumua akiwa amelala, anaweweseka au kustuka zaidi usiku, na mchana anasinzia zaidi. Hao ni wadogo kidogo kuliko wenu na walikuwa na pumu, siwezi kusema kila kijana atakuwa vile vile sawasawa. Lakini nilipousoma huo utafiti niliwaona wagonjwa wangu mmoja mmoja.

Na huyu kijana wenu usingizi wake tayari uko kwenye mtihani hata bila moshi. Umri wa miaka 13 mpaka 18 mwili unahitaji masaa 8 mpaka 10 kwa usiku. Nani hapa mtoto wake wa sekondari analala masaa 8? Hamna, au wachache. Na kuna jambo wazazi wengi hatujui, kwenye balehe saa ya mwili inasogea mbele, ile homoni ya usingizi, melatonini, inaanza kutoka usiku zaidi kuliko kwa mtoto mdogo au mtu mzima. Kwaiyo ukimwambia kijana wa miaka 15 akalale saa mbili usiku na akashindwa sio jeuri, mwili wake bado haujafungua mlango. Kuamka lakini ni pale pale alfajiri. Hayo masaa 5 au 6 anayoyapata ndo mtaji wake wote, ndo mda ubongo unapanga alichosoma, ndo mda mwili unatoa homoni ya kukua, ndo mda hasira zinashuka. Sasa na hayo machache tunayajaza moshi.

Kwanini nawasumbua baba zangu na kaka zangu? Kwa sababu wavutaji wengi hapa kwetu ni wanaume, na hilo sio tusi, ni takwimu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 kwa watu wazima Tanzania ulionyesha watumiaji wa tumbaku hawafiki hata 9 kati ya kila watu 100, kwa wanaume ni karibu 15, kwa wanawake ni kama 3. Yani wanaovuta ni wachache sana. Ila kila mmoja anaishi na watu, ana mke, ana watoto, ana wapangaji wenzake. Wachache wanawasha, wengi wanapumua. Kule Japan mwaka 1981 daktari mmoja anaitwa Takeshi Hirayama alitoa matokeo baada ya kufuatilia wanawake zaidi ya 90,000 wasiovuta, akakuta wale ambao waume zao wanavuta sana wanapata kansa ya mapafu zaidi kuliko ambao waume hawavuti. Wake, ambao hawajawahi kuvuta. Leo shirika la afya duniani linasema zaidi ya watu milioni moja wasiovuta wanakufa kila mwaka kwa moshi wa wengine. Mimi leo nimeitwa kuongelea usingizi tu na nitabaki kwenye usingizi, ila mjue ni moshi huo huo.

Najua mnachofikiria. Mimi navutia dirishani. Mimi nawasha feni. Mimi navuta chumbani kwangu nafunga mlango. Mimi mtoto akiwa hayupo. Haya naomba tuyaongee moja moja mana hapa ndo penye shida yenyewe, wengi sio wabaya, wanaamini kabisa wameshawalinda watoto.

Dirishani, moshi mwingine upepo unaurudisha ndani, na sigara ikiwa inaungua mkononi hujaivuta bado inatoa moshi wake wenyewe, na huo unaotoka kwenye ncha ndo mwingi zaidi na kwa uzito ule ule una sumu zaidi ya ule unaoupuliza wewe. Feni haitoi moshi, inauzungusha, inaupeleka chumba cha pili. Mlango, tuangalie nyumba zetu zilivyojengwa. Nyingi hazina silingi bodi, ukuta unaishia kabla ya bati, juu pamebaki wazi kote, ukikaanga dagaa chumba cha mbele yule wa mwisho wa korido anajua mnakula nini. Moshi unapita hapo hapo. Na mtoto akiwa hayupo, anarudi jioni, nikotini imeshakaa kwenye pazia, kwenye kochi, kwenye godoro, kwenye neti, kwenye nguo, inatoka kidogo kidogo siku nyingi. Mwaka 2006 mkuu wa afya ya umma wa Marekani wakati huo, Richard Carmona, alitoa ripoti kubwa ya serikali ambayo ilimaliza ubishi, ikasema hakuna kiwango cha moshi wa mwenzako ambacho ni salama, na kutenga vyumba, kufungua madirisha au kusafisha hewa hakutoshi kuwalinda wasiovuta kama bado watu wanavuta ndani ya jengo. Ndani hakuna kona salama.

Kwaiyo ninachowaomba ni kitu kimoja na ni kidogo. Sigara isiwashwe ndani ya nyumba. Kabisa. Hata mvua ikinyesha, hata mgeni akiwa mkubwa kiasi gani, hata kama ni fainali. Toka nje, nenda mbali na dirisha na mlango, maliza huko, kaa dakika kadhaa kabla ya kuingia, shati la kuvutia libaki nje kama inawezekana, nawa mikono na uso. Sijasema acha sigara leo. Ningependa uache, nitafurahi sana, ila hilo ni jambo la mda na la msaada, kutoka nje ni jambo la leo usiku.

Na mgeni je? Hapa mama zangu wananiambia sista mimi siwezi kumwambia shemeji atoke nje na sigara yake, itakuwa maneno ukoo mzima. Nawaelewa. Ndo mana nasema mwenye nyumba ndo aseme, baba ndo aseme, na ukishasema wewe mwanaume mwenye nyumba yako kwamba hapa kwangu hatuvuti ndani kijana ana pumu, hakuna mgeni atakaebishana. Kama baba mwenyewe ndo mvutaji na haelekei kusikia, mama mtafute anaemsikiliza, kaka yake, sheikh, mchungaji, mjumbe, mlete kliniki hata kwa kisingizio cha kumsindikiza mtoto, mimi nitaongea nae vizuri bila kumuaibisha. Mama usibebe hili peke yako, na usimtume mtoto akamwambie baba yake, unamuweka mtoto pabaya.

Na hili la kutuma watoto sigara. Unakuta mtoto wa darasa la tano anatumwa kwa Mangi sigara mbili za baba, na Mangi anampa, zinauzwa mojamoja kama pipi. Kumuuzia sigara mtu chini ya miaka 18 ni kosa kwa sheria yetu ya tumbaku ya mwaka 2003, sheria hiyo hiyo ndo imeweka mipaka ya kuvuta sehemu za umma, na Tanzania tulishaingia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku toka 2007. Mwenyekiti wa mtaa upo hapa, maduka yanayozunguka shule hii unayajua yote kwa majina, naomba uyatembelee. Ila niwe mkweli, sebule yako polisi hawaingii. Hakuna askari atakaekuja saa saba usiku kuangalia nani anavuta juu ya godoro la mtoto. Hapo sheria ni wewe.

Kuna waliojaribu wakaona matokeo. Scotland walipiga marufuku kuvuta kwenye majengo ya umma mwezi wa tatu 2006. Watu wengi walikuwa na wasiwasi kwamba wavutaji wakifukuzwa baa watahamishia sigara nyumbani na watoto ndo wataumia. Haikuwa hivyo. Kabla ya sheria watoto wanaolazwa kwa pumu walikuwa wanaongezeka kama asilimia 5 kwa mwaka, baada ya sheria wakawa wanapungua karibu asilimia 18 kwa mwaka. Nimeileta hii kwa sababu inanipa moyo, mtu mzima akishazoea kwamba sigara ni ya nje anazoea kweli, hata kwake.

Naongea pia na wenye nyumba za kupangisha, najua mpo kadhaa hapa. Malalamiko mengi ninayopata ni ya mtu ambae kwao hakuna mvutaji ila mpangaji wa chumba cha pili anavuta na moshi unapita juu ya ukuta mpaka kwenye kitanda cha watoto wake. Huyo mama afanye nini? Ahame? Mwenye nyumba unaweka masharti ya maji, ya umeme, ya kufunga geti saa tano, weka na hili, hapa hatuvuti vyumbani wala kwenye korido, anaevuta kuna nafasi kule nyuma. Haikugharimu hata shilingi. Na ukipata hela ya silingi bodi weka, itasaidia joto pia, ila isiwe ndo kisingizio cha mtu kuendelea kuvuta ndani.

Shisha na hizi sigara za umeme ziko kundi hilo hilo, msije mkadanganywa na harufu ya matunda. Shisha ina tumbaku na ina mkaa juu yake, na Dar es Salaam ilishapigwa marufuku na mkoa toka 2016. Zile za umeme nyingi zinatoa nikotini pia, wanaosema ni mvuke wa maji tu sio kweli.

Nilipokuwa naingia mama mmoja aliniuliza kuhusu dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mduara, akasema sista kama moshi ni tatizo hiyo nayo je? Swali zuri sana na jibu lake halipendezi. Kuna watafiti walipima wakakuta mduara mmoja ukiungua wote unatoa vumbi laini la moshi sawa na sigara kati ya 75 na 137. Nikotini haina, ila kwa kifua ni mzigo. Sisemi muache watoto waumwe na mbu, malaria inaua, malaria ni mbaya kuliko kukosa usingizi. Tumia neti, neti ndo kinga, weka nyavu madirishani ukiweza. Kama lazima uchome, choma mapema jioni, zima, acha hewa ipite, ndo mtoto alale. Sio unawasha saa nne inaungua miguuni kwake mpaka asubuhi mlango umefungwa.

Mzazi utajuaje kama usingizi wa kijana wako umeharibiwa na moshi na sio simu? Hakuna kipimo cha nyumbani, ila kuna vitu vya kuangalia. Amka wewe saa nane usiku, usiku mmoja tu, nenda kamsikilize. Anakoroma? Anapumua mdomo wazi? Anakohoa kikohozi kikavu? Kifua kinapiga mluzi? Jasho jingi na anajigeuza geuza? Asubuhi anaamka na kichwa kinauma, koo kavu? Akienda kulala kwa shangazi ambako hakuna mvutaji anaamka mzima? Hilo la mwisho mimi huwa naliuliza kila mara na linanisaidia sana. Ukiona hayo mlete, usinunue dawa za usingizi wala dawa ya kikohozi ya chupa dukani ukaishia hapo, na usikimbilie kusema kalogwa. Pumu ina dawa, ile pampu ya kuvuta inasaidia sana ikitumika inavyotakiwa, ila nikimpa mtoto pampu akarudi kulala kwenye moshi nakuwa nazima moto huku mtu mwingine anaongeza kuni.

Na yule ambae sebule ndo chumba cha mtoto na hamna namna nyingine, naomba saa ya kulala ya mtoto iwe ndo saa ya kufunga sebule. Saa nne, mpira usiangaliwe pale, nendeni kibanda umiza au kwa jirani asiye na mwanafunzi. Mwezi wa kumi na moja hawa wana mitihani. Magodoro yatolewe juani kila wikiendi, mashuka na mapazia yafuliwe, unifomu itundikwe sehemu nyingine, hata kwenye mfuko.

Baba zangu ambao mnataka kuacha kabisa, na najua mpo kwa sababu kila siku nakutana na mtu anasema nimejaribu nimeshindwa, ukweli ni kwamba zile siku mbili tatu za kwanza ndo ngumu kuliko zote, hasira, kichwa, usingizi hauji, unakula ovyo, halafu inapungua taratibu ndani ya wiki mbili mpaka nne. Kushindwa mara ya kwanza ni kawaida sana, wengi walioacha walijaribu zaidi ya mara moja. Mwambie mkeo na watoto kwamba unaacha na utakuwa mkali kidogo, wakuvumilie. Ondoa kiberiti, ondoa kibati cha majivu, badilisha kijiwe kwa mda.

Mimi nitakaa pale chini ya mwembe mpaka saa nane mchana na daftari langu. Mwenye mtoto anaekoroma au kukohoa usiku aje niandike jina, Jumanne na Alhamisi tunawaona kliniki. Mvutaji anaetaka kuongea aje pia, tutaongea pembeni. Mwenyekiti, kuna mama pale karibu na mlango kanyoosha mkono toka nilipotaja mpangaji wa chumba cha pili, naomba apelekewe maiki.